Rays wa 2008: Jasho pekee halikuwatoa mkiani

Kuna hadithi moja ambayo wahamasishaji hawachoki kuwasimulia vijana. Timu ilikuwa mkiani, watu wakaicheka, wachezaji wakakataa kukata tamaa, na mwaka uliofuata wakawa mabingwa. Ikiisha, unanyoshewa kidole: wewe je, mbona bado umekaa tu? Ati kama hujafika, basi hujajituma.

Sisi hatuna ugomvi na bidii. Kijana anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu ya kwanza ahubiriwe bidii na nani? Ugomvi wetu ni na hadithi inayosimuliwa nusu. Ndiyo maana leo tumechukua mojawapo ya hizo hadithi za kutoka mkiani, tuifungue yote tuone ndani mna nini. Ni ya Tampa Bay Rays, timu ya besiboli ya jimbo la Florida nchini Marekani, na msimu wake wa 2008.

Wewe uliyelelewa na soka usiogope, mchezo wenyewe unaeleweka. Ni timu mbili, kila moja na wachezaji 9 uwanjani. Mmoja anarusha mpira, mpinzani anajaribu kuupiga kwa gongo kisha anatimua mbio kuzunguka vituo vinne. Akimaliza mzunguko bila kutolewa, timu yake inapata mkimbio mmoja, yaani alama moja. Mpira ukivuka uzio, mpigaji anazunguka polepole kama bwana harusi, hakuna wa kumgusa. Kila timu ina zamu 9 za kupiga, na zamu huisha wapigaji watatu wakishatolewa. Msimu una mechi 162. Ndiyo, 162! Wanacheza karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba.

Timu ni 30, zimegawanywa katika ligi mbili, na kila ligi ina makundi matatu kulingana na jiografia. Mwaka 2008, washindi wa makundi hayo sita, pamoja na timu moja bora zaidi kati ya zilizosalia katika kila ligi, ndio walioingia mchujo wa Oktoba. Jumla yao ni 8. Ikumbuke hiyo nambari, itarudi.

Jirani wa matajiri

Rays walianza kucheza mwaka 1998 wakiitwa Devil Rays. Kwa misimu 10 ya kwanza walimaliza mkiani mwa kundi lao mara 9. Mwaka mmoja tu, 2004, walipanda hadi nafasi ya nne kati ya timu tano, wakashinda mechi 70, na hiyo ndiyo ilikuwa rekodi yao bora. Mwaka 2007 walishinda 66 na kupoteza 96. Hakuna timu nyingine kati ya zile 30 iliyofanya vibaya kuliko wao mwaka huo.

Sasa tazama walikopangwa. Kundi la Mashariki la American League lina New York Yankees, klabu iliyokuwa tayari na mataji 26. Lina Boston Red Sox, waliokuwa wametoka kutwaa ubingwa wa 2007. Lina pia Toronto Blue Jays na Baltimore Orioles, ambao nao wamewahi kuwa mabingwa. Kupangwa humo ukiwa maskini ni kama kufungua kibanda cha mboga katikati ya supamaketi mbili kubwa.

Na walikuwa maskini kweli, kwa vipimo vya mchezo huo. Mishahara ya kikosi kizima cha Rays mwaka 2008 ilikuwa takriban dola milioni 44. Yankees walikuwa wakilipa zaidi ya dola milioni 200. Mchezaji mmoja wa Yankees, Alex Rodriguez, alilipwa dola milioni 28 peke yake, zaidi ya nusu ya mishahara ya kikosi chote cha Rays. Uwanja wao nao, Tropicana Field mjini St. Petersburg, ulikuwa jumba lililoezekwa paa, na nyasi zake zilikuwa za bandia. Kwa miaka mingi viti vilibaki wazi. Mashabiki waliojitokeza walikuja na kengele za ng'ombe kupigia kelele.

Hapa ndipo wahamasishaji husema: kisha wakaamini! Subiri kidogo. Kabla ya kuamini kuna mambo mengine matatu yaliyofanyika, na hayo huwa hayasimuliwi.

Jambo la kwanza: wa mwisho alipewa nafasi ya kwanza

Katika soka tulilozoea, anayeshika mkia hushushwa daraja. Pesa zinapungua, wachezaji wazuri wanaondoka, na mwaka unaofuata anaanza chini zaidi. Ligi za Marekani hazishushi mtu. Kila mwaka kunakuwa na uteuzi wa vijana wanaotoka shule za upili na vyuo vikuu. Miaka hiyo, timu iliyomaliza vibaya ndiyo iliyotangulia kuchagua, na iliyofanya vyema ilisubiri.

Kwa kanuni hiyo, Rays walimpata B.J. Upton mwaka 2002 akiwa chaguo la pili nchini. Mwaka 2006 wakamchukua Evan Longoria akiwa chaguo la tatu. Mwaka 2007 wakamchukua David Price, chaguo la kwanza kabisa. Hawa watatu utawaona mbele katika hadithi hii, tena katika saa zenye joto kali. Bila ile kanuni, Yankees wangewanunua wote mapema na Rays wangebaki wakiwatazama kwenye runinga.

Mashindano yale yanaendeshwa na mabilionea, na mabilionea hawana huruma. Waliiweka kanuni hiyo kwa sababu wanajua ligi ambayo mshindi anajulikana kabla msimu haujaanza huchosha, na ikichosha haiuzi tiketi. Wamarekani, ambao kila siku wanatuhubiria soko huria, kwenye michezo yao wameona ni busara kumwinua aliye chini. Hilo ni somo ambalo halitajwi kwenye makongamano ya vijana.

Jambo la pili: fursa ilikuwepo miaka yote, ila hakukuwa na wa kuitumia

Hata hivyo tusidanganyane kwa upande wa pili. Kanuni hiyo ya uteuzi ilikuwepo tangu siku Rays walipozaliwa. Walichagua wa kwanza mwaka 1999, wakachagua wa kwanza tena 2003, na bado waliendelea kunyukwa. Fursa bila usimamizi ni mbegu bora ndani ya gunia lenye panya.

Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa 2005. Stuart Sternberg, aliyetoka kwenye benki za uwekezaji za New York, alichukua usukani wa klabu. Akamkabidhi masuala ya wachezaji Andrew Friedman, kijana wa miaka 28 ambaye naye alitoka huko huko kwenye mambo ya fedha. Kocha akaletwa Joe Maddon, mzee wa miwani mwenye maneno yake ya ajabu ajabu.

Je, walishinda mara moja? Wapi! Mwaka 2006 walipoteza mechi 101. Mwaka 2007 wakapoteza 96. Wangekuwa klabu nyingi tunazozijua, kocha angefutwa kufikia Juni. Wao walimwacha.

Wakati huo walikuwa wakifanya hesabu, na hesabu yao ilikuwa hii: hatuna pesa za kununua wapigaji wakubwa, kwa sababu kila mtu anawaona na bei yao iko juu. Lakini mlinzi anayedaka mpira vizuri hatazamwi sana, kwa hiyo bei yake ni ya chini. Na mkimbio uliouzuia una thamani sawa na mkimbio uliofunga.

Basi Novemba 2007 wakamtoa Delmon Young, yule kijana waliyemchagua wa kwanza nchini mwaka 2003 na ambaye mashabiki walimtarajia awe nyota. Wakampeleka Minnesota Twins pamoja na wenzake, nao wakamchukua mrushaji Matt Garza na Jason Bartlett, mlinzi wa eneo la kati ya kituo cha pili na cha tatu. Akinori Iwamura, Mjapani aliyekuwa akilinda kituo cha tatu, akahamishiwa cha pili ili Longoria apate pa kucheza. Ni mambo ya kawaida, hata yanachosha kusimulia. Hakuna muziki wa filamu unaopigwa mtu akihamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Lakini tazama matokeo. Mwaka 2007 Rays walifunga mikimbio 782. Mwaka 2008, mwaka wa maajabu, walifunga 774. Yaani walifunga michache zaidi! Kilichobadilika ni upande wa pili: mwaka 2007 waliruhusu mikimbio 944, na mwaka 2008 wakaruhusu 671. Tofauti ni 273. Ukitafuta muujiza wa Rays, umo humo, kwenye mikimbio 273 ambayo haikufungwa na ambayo hakuna aliyeipigia makofi.

Jambo la tatu: hesabu ya 9 na 8

Mwezi huo huo wa Novemba klabu ilibadilisha jina. Devil ray ni aina ya samaki taa, na lile neno la ibilisi likaondolewa. Wakabaki Rays, na kwenye jezi wakaweka miale ya jua. Kwa Kiswahili jina hilo lingetoshana bila shida, kwa kuwa taa ni samaki na taa ni mwanga.

Maddon naye alikuja na kauli yake: 9=8. Mwalimu wa hesabu angekukata alama, lakini maana yake ni kwamba wachezaji 9 wakicheza kwa nguvu zamu zote 9, kila siku, watakuwa mojawapo ya zile timu 8 za Oktoba. Kauli hiyo ilichapishwa hadi kwenye fulana.

Hapa sasa ndipo bidii inapoingia, nasi tunaipa heshima yake yote. Kwa sababu ukishapewa nafasi na ukishapangwa vizuri, bado kuna mechi 162 za kucheza.

Juni, kule Boston, mrushaji James Shields alimgonga Coco Crisp kwa mpira. Crisp akamvamia pale pale na timu zote mbili zikamwagika uwanjani. Red Sox walikuwa mabingwa, Rays walikuwa watoto wa kuchezewa. Siku hiyo ilionekana wazi kwamba watoto wamekataa.

Julai, kabla tu ya mapumziko ya katikati ya msimu, walipoteza mechi 7 mfululizo. Wengi walitikisa vichwa: si tulisema? Agosti mambo yakawa mabaya zaidi kwa majeruhi. Ndani ya siku chache walimpoteza Longoria, aliyevunjwa mkono kwa mpira uliorushwa, na Carl Crawford, nyota wao wa muda mrefu, aliyeumia mkono pia. Timu ya mchezaji mmoja ingekufa hapo. Hii ilikuwa timu ya watu 9, na Agosti hiyo ikawa kati ya miezi yao bora zaidi msimu mzima.

Mwezi huo huo Maddon alimtoa Upton katikati ya mechi. Kosa lake? Alikimbia kivivu kuelekea kituo. Upton alikuwa na kipaji kuliko karibu wote pale na timu ilikuwa na upungufu wa wachezaji, lakini kanuni ni kanuni. Wangapi kati ya viongozi wetu wangemweka kando mtu wao muhimu kwa uzembe, wakati wanamhitaji zaidi?

Kisha kuna usiku wa Septemba 9, Boston tena. Dan Johnson alikuwa akicheza ligi ya chini na akaitwa siku hiyo hiyo. Ndege yake ikachelewa. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watakaoanza, ikabidi liondolewe kwa sababu mwenyewe hayupo. Alifika mechi ikiendelea. Zamu ya tisa, Rays wakiwa nyuma kwa mkimbio mmoja, akasimamishwa mbele ya Jonathan Papelbon, mmoja wa warushaji waliohofiwa zaidi katika kumalizia mechi. Johnson akaupiga mpira ukavuka uzio. Rays wakasawazisha, kisha wakashinda 5-4. Msimu wa mechi 162 hauamuliwi na nyota pekee. Wakati mwingine huamuliwa na msee aliyechelewa ndege.

Septemba 20 walihakikisha wameingia mchujo kwa mara ya kwanza katika historia yao. Septemba 26 taji la kundi likawa lao, na tena kwa njia ya kuchekesha: wao wenyewe walipoteza kule Detroit usiku huo, ila Boston walichapwa na Yankees. Tajiri mmoja alimvuta miguu tajiri mwenzake, na maskini akapita katikati. Walimaliza na ushindi 97, mbili zaidi ya Red Sox. Yankees walikuwa wa tatu na wakakosa Oktoba kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Oktoba yenyewe

Wachezaji walinyoa kiduku, ule mtindo wa kuacha ukanda wa nywele katikati ya kichwa. Maddon, mzee mwenye mvi, akanyoa naye. Ngoma ikaanza.

Raundi ya kwanza walikutana na Chicago White Sox. Longoria, mgeni wa ligi, alipiga mipira miwili ikavuka uzio katika nafasi zake mbili za kwanza za mchujo. Rays wakapita kwa mechi 3-1.

Nusu fainali, Boston. Atakayefikisha ushindi wa mechi 4 kwanza ndiye anayesonga. Rays walipoteza ya kwanza 2-0, wakashinda ya pili 9-8 baada ya zamu 11, kisha wakaenda nyumbani kwa mabingwa na kuwapiga 9-1 na 13-4. Sasa ni 3-1, wanahitaji moja tu. Mechi ya tano, Oktoba 16, zamu ya saba, wanaongoza 7-0. Wamebakiza wapigaji saba tu kuwatoa ili waingie fainali.

Wakaporomoka. David Ortiz akapiga mpira ulioleta mikimbio mitatu kwa mpigo. J.D. Drew akaongeza miwili. Kufikia zamu ya tisa, 7-0 ilikuwa imegeuka 8-7 na Boston wameshinda. Mechi ya sita Boston wakashinda tena, 4-2. Ikawa 3-3.

Ukitaka kujua timu ilikuwa imejengwa na nini, usitazame walivyoshinda 13-4. Tazama mechi ya saba, Oktoba 19, baada ya aibu hiyo. Dustin Pedroia wa Boston alivusha mpira uzio mwanzoni kabisa mwa mechi. Garza, yule waliyemchukua kwa kumwachilia nyota, akawazima Boston zamu baada ya zamu. Longoria akasawazisha. Rocco Baldelli, aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi yaliyomfanya achoke haraka na ambaye msimu huo alirejea uwanjani Agosti tu, akapiga mpira uliowaweka mbele. Willy Aybar akaongeza wa tatu.

Zamu ya nane, Boston wakajaza vituo vyote. Mpira mmoja mzuri, na kila kitu kimeharibika upya. Maddon akamwita David Price. Huyu alikuwa na umri wa miaka 23, ligi kuu alikuwa ameingia mwezi mmoja tu uliopita, na mechi alizocheza humo zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Mbele yake akasimama Drew, yule yule aliyewaua kwenye mechi ya tano. Price akamtoa bila mpira kuguswa. Zamu ya tisa akamalizia kazi, na Iwamura, Mjapani aliyehamishwa kituo, ndiye aliyekanyaga kituo cha pili kumtoa mtu wa mwisho. Rays 3, Boston 1.

Angalia majina hayo tena: Garza, Longoria, Price, Iwamura. Kila mmoja alikuwa pale kwa uamuzi uliofanywa kimya kimya miezi au miaka kabla ya usiku ule.

Sasa, hawakuwa mabingwa

Ndiyo. Katika World Series, fainali yenyewe, Philadelphia Phillies waliwapiga 4-1. Mechi ya tano ilisimamishwa kwa mvua Oktoba 27 matokeo yakiwa 2-2, ikaendelea siku mbili baadaye, na Phillies wakashinda 4-3. Longoria alituzwa mchezaji mgeni bora wa American League, Maddon kocha bora. Kombe likabaki Philadelphia.

Rays walirejea World Series mwaka 2020 na kupoteza mbele ya Los Angeles Dodgers. Mkuu wa Dodgers kwenye masuala ya wachezaji alikuwa nani? Andrew Friedman, yule yule kijana wa miaka 28. Alihama mwaka 2014. Maddon naye akaenda Chicago Cubs na kuwapa ubingwa wa 2016. Crawford akanunuliwa na Boston kwa mkataba wa dola milioni 142. Price akaenda, Shields akaenda, Garza akaenda, na mwishowe Longoria mwenyewe akaenda. Maskini analea, tajiri anavuna. Kanuni ya uteuzi iliwapa Rays njia ya kuingia, lakini haikuwapa uwezo wa kuwazuia watu wao wasitoke.

Na hata hivyo hawakurudi kuwa wale wa kuchekwa. Walitwaa kundi tena 2010, na wamekuwa wakiingia mchujo mara kwa mara tangu hapo. Kilichojengwa kilikuwa cha kudumu, kwa sababu hakikujengwa juu ya msisimko wa mwaka mmoja.

Tunachosema

Kwa hiyo siku nyingine mtu akisimama mbele yako na hadithi ya timu iliyotoka mkiani, muulize maswali mawili. Kwanza: ni nani aliyeiwekea nafasi ya kuanza upya? Pili: ni nani aliyeipanga, na alivumiliwa kwa muda gani kabla matokeo hayajaonekana?

Nchi yetu inalijua wazo hili, angalau kwenye karatasi. Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, ili asilimia nusu ya mapato ya taifa iende kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Sheria inatenga pia asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Huo ndio uteuzi wetu, wa mwisho kupewa nafasi ya kuchagua. Hatuhitaji kubuni jipya. Tunahitaji fedha zifike zinakotakiwa, kwa wakati, na zabuni zimfikie kijana halisi badala ya kampuni ya mkubwa iliyovalishwa jina la mpwa wake. Hadi hapo, kumwambia kijana wa mkiani kwamba tatizo lake ni uvivu ni kumlaumu Rays wa 1998 kwa kukosa kuwa Yankees.

Nawe msomaji, kwa upande wako, chukua somo la mikimbio 273. Unaweza usiwe na pesa za kushindana na mwenye pesa pale anapong'aa. Lakini kuna kazi zisizotazamwa ambazo bei yake ni uvumilivu tu: kujifunza kitu hadi ukiweze, kuziba mwanya unaokuvujishia kidogo ulicho nacho, kufika kila siku, na kukimbia hadi kituo hata ukiona umeshatolewa. Upton alikuwa na kipaji chote cha dunia na bado aliketishwa.

Ila ukishafanya hayo yote na mlango ukabaki umefungwa, usikubali kuambiwa kwamba hukubisha kwa nguvu. Rays walibisha miaka 10. Walipopita hatimaye, ni kwa sababu walikuwa na nguvu, walikuwa na mpango, na kulikuwa na mlango.